Kukimbia kwa maji na kwa mwinuko: njia za Pangani, Lushoto na Amani

Mkoa wa Tanga una kitu ambacho mikoa michache ya Tanzania inacho, nacho ni bahari na milima mirefu ndani ya mpaka mmoja. Mtu anaweza kukimbia asubuhi kwenye mchanga wa Pangani, akasafiri na kupumzika siku inayofuata, kisha akakimbia katika ukungu wa Lushoto, yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, bila kutoka nje ya mkoa. Nimekimbia katika njia hizi kwa miaka kadhaa, na neno la kwanza ninalomwambia kila anayezijia akiwa mgeni ni kwamba asizipange kwa kilomita. Pwani njia hupangwa kwa maji kupwa na kujaa. Milimani hupangwa kwa mwinuko. Aliyezoea barabara tambarare za mjini, ambaye huamka na kusema kwamba leo atakimbia kilomita 12 kwa saa moja na dakika kumi, atakuta kwamba kilomita hizo hizo juu ya mchanga laini humla nguvu kama kilomita 18, na kwamba milimani saa hiyo moja inaweza kuisha akiwa bado anapanda.

Nianze na maji, kwa sababu ndiyo yanayowasumbua wageni zaidi. Bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji yaliyojaa na maji yaliyokupwa katika pwani yetu huzidi mita tatu, kiasi kwamba ufuo uliouona jioni ukiwa mpana kama uwanja wa mpira unaweza usiuone kabisa alfajiri. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba saa za bamvua hazibadiliki sana mwaka mzima: maji huwa yamejaa kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri, na huwa yamekupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Kwa hiyo mkimbiaji anayetoka saa 12 asubuhi siku za bamvua, akidhani amewahi, hukuta mawimbi bado yako kwenye mizizi ya miti.

Nililijifunza hilo kwa mkono uliochanika. Nilikuwa nimetoka Pangani mjini nikielekea kaskazini, upande wa Mkoma, na nilipofika mahali ambapo mwamba wa matumbawe unajitokeza hadi karibu na bahari nikakuta maji yamelala chini yake. Nikahesabu mawimbi, nikaona kwamba nikikimbia baina ya wimbi na wimbi nitapita. Wimbi la pili lilinifika magotini, nikashika mwamba nisianguke, na kiganja kikapasuka. Niliporudi nyuma nilimkuta mzee mmoja amekaa chini ya mvinje akishona wavu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akautazama mkono wangu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia, "Leo mwezi kumi na sita. Njoo saa nne, hapo utapita hata na baiskeli." Nilirudi saa nne, na kweli mchanga ulikuwa wazi, mgumu na mpana, na watu wawili walikuwa wakipita na baiskeli zilizobeba matenga ya samaki.

Tangu siku hiyo huanza na mwezi kabla ya kutazama saa. Kwa anayependa kukimbia mapema, siku nzuri kuliko zote ni mwezi 9 hadi 12, na tena mwezi 24 hadi 27, kwa hesabu ya mwezi mwandamo, kwani siku hizo maji hupwa takribani kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, jua likiwa bado la upole. Siku za bamvua zenyewe zafaa kwa asiyeogopa jua, au kwa anayetaka kuuona ufuo ukiwa mpana kuliko siku zote. Siku za maji mafu, karibu na mwezi 7 na 8 au 22 na 23, bahari haitoki sana wala haijai sana. Mtu aweza kukimbia karibu saa yoyote, lakini mchanga mgumu huwa ni ukanda mwembamba. Majedwali ya maji kupwa na kujaa yanapatikana kwenye simu kwa bandari ya Tanga, na yanatosha kabisa kwa Pangani. Hata hivyo, usipite bila kumwuliza mvuvi, kwa sababu jedwali halijui ni mwamba gani unaofunikwa mapema na ni mkono gani wa bahari unaojaa nyuma yako ukiwa umeshapita.

Ukishajua saa, jifunze kuchagua mahali pa kukanyaga. Mchanga mkavu wa juu huzamisha mguu na kuuchosha mshipa mnene wa nyuma ya kisigino. Mchanga ulio ndani ya maji huvuta kiatu. Kati ya hapo pana ukanda mgumu, na alama yake ni hii: ukikanyaga, mchanga unaouzunguka unyayo wako hupauka ghafla kana kwamba umekauka, kisha hurudia rangi yake mara tu unapoinua mguu. Ukiiona alama hiyo, fuata ukanda huo huo. Jihadhari pia na mteremko wa ufuo. Mguu wa upande wa bahari hukanyaga chini zaidi kuliko mguu wa upande wa nchi kavu, na baada ya kilomita tano au sita nyonga na goti huanza kulalamika. Ndiyo maana safari nzuri ya ufukweni ni ya kwenda na kurudi kwa njia ile ile, ili kila mguu upate zamu yake, na ndiyo maana maji yakiwa yamekupwa sana ni heri ukimbie chini kabisa, ambako ufuo hunyooka.

Wapo wanaopenda kukimbia pekupeku, na kwa dakika kumi au kumi na tano mwishoni mwa mbio jambo hilo ni zuri, hasa kwa kuimarisha vifundo. Siwashauri kukimbia hivyo safari nzima. Kwenye njia hii kuna vipande vya chaza, matumbawe yaliyokatika na ndoano zilizosahauliwa, na kidonda cha tumbawe hakiponi upesi katika joto la pwani. Raba nyepesi zinazopitisha hewa, ambazo huna uchungu nazo zikilowa, zinatosha.

Njia ya kaskazini ya Pangani, kutoka mjini hadi Mkoma na kurudi, ndiyo ninayompa mtu kwanza. Unaanzia karibu na mdomo wa mto, mahali ambapo maji ya Mto Pangani, yenye rangi ya udongo, yanakutana na bahari, kisha unauacha mji wa kale na majengo yake ya mawe nyuma yako, na baada ya hapo ni minazi, mivinje na ngalawa zilizopandishwa mchangani. Mkimbiaji mchanga aende kilomita mbili na kurudi. Aliyezoea anaweza kuendelea hadi maji yatakapomwambia inatosha. Ninachokisisitiza ni kugeuza kabla maji hayajageuka. Weka nusu ya safari yako kwenye saa ya maji kupwa kabisa, ili uwe unakwenda maji yakitoka na kurudi yakianza tu kuingia.

Njia ya pili inaanzia ng'ambo ya mto, Bweni, na ndiyo inayounganisha bahari na kilima ndani ya asubuhi moja. Tangu kale watu wamevuka hapo kwa kivuko, nami hupenda kuvuka na watu wa mapema, wanafunzi na akina mama wenye vikapu, kabla ya kuanza kukimbia. Usijaribu kamwe kuvuka kwa kuogelea, hata kama mto unaonekana umetulia, kwa sababu mkondo wake karibu na bahari una nguvu. Kutoka kivukoni njia hupanda mara moja. Kilima cha Bweni si kirefu, lakini ni kikali kwa miguu ambayo haijapata moto, kwa hiyo ukipande kwa kutembea haraka na uanze kukimbia ukiwa juu. Geuka nyuma kabla hujaendelea: mto, mji wa Pangani, minazi na bahari vyote viko chini yako kwa pamoja, na sijaona mahali pengine katika pwani ya Tanga panapoonyesha hayo yote kwa mtazamo mmoja.

Kutoka hapo kwenda kusini njia inapita kati ya minazi na mkonge hadi Ushongo, kama kilomita 15. Ardhi hii ndiyo iliyoupokea mkonge kwa mara ya kwanza: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyonusurika na safari, miche 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Karibu mkonge wote ulioifanya Tanga ijulikane duniani ulitokana na miche hiyo. Kwa mkimbiaji mkonge una maana nyingine: hauna kivuli. Mistari yake imenyooka, upepo haupiti vizuri, na kuanzia saa 3 asubuhi joto hutoka ardhini na angani kwa pamoja. Anayetaka kukimbia hadi Ushongo aondoke alfajiri, abebe maji yasiyopungua lita moja, na apange mapema bodaboda ya kumrudisha, kwani kilomita 30 za kwenda na kurudi juani ni mbio za waliojiandaa kwa miezi. Binafsi hukimbia kilomita tano au sita kwenda, nikanywa dafu kijijini, nikarudi taratibu. Dafu hurudisha maji na baadhi ya chumvi, lakini mtu anayetoka jasho sana aongeze chumvi kidogo kwenye chakula chake baada ya mbio. Kunywa maji matupu lita kwa lita bila chumvi kunaweza kumdhuru.

Majira nayo yana usemi. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, pwani ni joto mno na hewa ni nzito, hivyo punguza umbali. Wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, kuna upepo na ubaridi kidogo, na huo ndio msimu wangu. Upepo wa kusi hutoka kusini, basi panapowezekana anza kwa kwenda kusini ukipambana nao nguvu zikiwa nyingi, ili ukusukume wakati wa kurudi. Masika, Machi hadi Mei, njia za udongo huteleza na vijito hujaa. Katika mwezi wa Ramadhani mkimbiaji aliyefunga hufanya vizuri akikimbia taratibu muda mfupi kabla ya futari, na asiyefunga hana budi kuwa na staha ya kutokunywa maji hadharani katikati ya kijiji.

Nimegusa staha, na sitaki niipite kwa haraka. Njia hizi si viwanja vya michezo. Ni njia za watu kwenda shambani, kisimani, sokoni na msikitini. Mtu mzima akikupita au ukimpita, mwamkie. Shikamoo haikatizi pumzi, na mkimbiaji anayepita kimya kama gari huacha nyuma yake watu wanaojiuliza anakimbia nini. Vaa bukta inayofika magotini au suruali nyepesi, na dada zetu wengi wanaokimbia huku hupendelea suruali na fulana ndefu, jambo linalowawezesha kukimbia bila kukodolewa macho. Usimpige picha mtu aliyeinama akiokota pweza au chaza bila kumwomba ruhusa. Penye magari, kwa kuwa kwetu magari hupita kushoto, kimbia upande wa kulia ili uyaone yanayokuja. Barabara kuu ya Tanga hadi Pangani siishauri kabisa. Malori ni mengi, na bahari huioni.

Sasa milima. Kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa takribani nyuzi 6, na ndiyo maana anayetoka Pangani akiwa na fulana moja hutetemeka Lushoto, hasa Juni hadi Agosti ambapo ukungu huweza kukaa hadi saa 4 asubuhi. Beba nguo ya pili ya juu, nawe uivue na kuifunga kiunoni mwili ukishapata moto. Kwa mita 1,400 hewa haijawa nyembamba kiasi cha kuumiza, lakini mtu wa pwani ataona pumzi ikikata mapema siku ya kwanza. Siku hiyo tembea tu.

Njia ya kuanzia ni ya Lushoto hadi Irente, kilomita tano hadi sita kwenda, kupitia Yoghoi. Inapanda na kushuka, na hapo ndipo mtu anapojifunza kupanda. Fupisha hatua hadi zionekane kama za mtoto, lakini usipunguze wepesi wake. Inama kidogo kuanzia vifundoni, si kiunoni, kwa maana anayekunja kiuno hukandamiza mapafu yake mwenyewe. Tazama mita kumi mbele, wala usitazame kileleni. Kipimo changu ni maneno: kama huwezi kutamka sentensi nzima, unakwenda kasi mno, na kama huwezi kutamka hata salamu, tembea. Kutembea mlimani ni sehemu ya mbio. Nimewaona akina mama wa Kisambaa wakipanda kwenda sokoni na tenga la kabichi kichwani, mgongo umenyooka, hatua fupi zisizobadilika kutoka chini hadi juu, bila kusimama hata mara moja. Nilimfuata mmoja wao kwa nyuma kama mita hamsini, nikiiga hatua zake, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika juu ya kilima kile bila moyo kunipiga masikioni.

Ukifika Irente ardhi inakatika. Unasimama juu ya jabali, na chini, karibu mita 1,000, kuna nyika, mashamba ya mkonge ya upande wa Mazinde, na barabara kuu nyembamba kama uzi. Usikimbie karibu na ukingo, hasa kukiwa na umande, kwa sababu mwamba huteleza na hakuna kizuizi kila mahali. Pumzika, kunywa maji, kisha rudi polepole. Jirani na njia hiyo lipo shamba la Irente linalojulikana kwa jibini na mkate wake, na mimi hupanga safari ili nipite hapo nikiwa narudi na njaa.

Aliyezoea anaweza kuelekea upande wa Magamba, ambako miinuko ni mirefu zaidi na msitu wa hifadhi umejaa kivuli, mbega weusi kwa weupe wakiruka juu ya kichwa. Huko lipa ada, chukua mwongozaji, na usikimbie peke yako, kwani vijia hugawanyika na ukungu ukishuka vyote hufanana. Barabara ya lami ya Lushoto, Soni hadi Mombo ni nzuri kwa macho ya aliye ndani ya gari. Kwa mkimbiaji ni nyembamba, ina kona nyingi, na mabasi hayana pa kukukwepea.

Amani, katika Usambara Mashariki, ni habari tofauti, na kwa moyo wangu ndiyo nzuri kuliko zote. Kutoka lango la Sigi hadi Amani ni kama kilomita tisa za kupanda mfululizo, kutoka yapata mita 450 hadi 900, kwa barabara ya udongo inayozunguka ndani ya msitu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902 na kupanda miti kutoka pande nyingi za dunia, hivyo utapita chini ya miti ambayo huwezi kuikuta kwingine nchini, kisha ghafla msitu unafunguka kwenye mashamba ya chai. Hifadhi inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na ada hulipwa langoni. Mvua ya huko hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na hainyeshi kwa ratiba, kwa hiyo vaa raba zenye meno. Ukiona mstari mweusi unaovuka njia, ruka mbali wala usisimame, kwa kuwa siafu hupanda mguuni kabla hujawahisi.

Kuteremka Amani hadi Sigi ndiko kunakowaumiza wengi, ingawa pumzi haiwasumbui. Mtu anayeteremka kwa kutanguliza kisigino hujipiga breki kila hatua, na misuli ya mbele ya paja hubeba mzigo wote. Maumivu yake huja siku ya pili, wakati wa kushuka ngazi. Legeza magoti, weka hatua fupi na nyingi, kanyaga chini ya mwili wako na si mbele yake, na fungua mikono kidogo kama mtu anayepita juu ya gogo. Funga kamba za viatu upya kabla ya kuteremka, ukikaza sehemu ya kifundo, la sivyo vidole vitagonga mbele na kucha zitakuwa nyeusi. Mara ya kwanza panda kwa miguu na ushuke kwa gari au bodaboda. Mara ya pili teremka nusu, hadi mahali dereva atakapokusubiri. Baada ya kuteremka njia yote, acha siku mbili kabla ya mbio nyingine, na kama ratiba yako inaruhusu, zitumie siku hizo kurudi Pangani, utembee pekupeku kwenye mchanga mgumu maji yakiwa yamekupwa.